Nani Kasema Gofu ni Mchezo wa Watu Wapole? Historia ya Fujo za Mashabiki Viwanjani

Kuna imani moja ngumu sana kuitoa vichwani mwa watu: kwamba gofu ni mchezo wa mabwana wakubwa, watu wa suruali zilizopigwa pasi, wanaopiga makofi kwa ncha za vidole na kunong'ona kama wako msibani. Ukitaka kelele nenda kawaone Simba na Yanga. Ukitaka utulivu nenda gofu. Ndivyo inavyosemwa.

Basi Septemba 2025, pale Bethpage, nje kidogo ya jiji la New York, imani hiyo ilimwagiwa bia. Ilikuwa Ryder Cup, mashindano yanayozikutanisha Marekani na Ulaya kila baada ya miaka miwili. Mke wa Rory McIlroy alikuwa anatembea uwanjani kumfuata mumewe, glasi ya kinywaji ikarushwa kutoka upande wa mashabiki na kugonga kofia yake. Video ikasambaa dunia nzima. Ndani ya saa chache kila mwenye simu alikuwa mchambuzi wa gofu: mchezo umeharibika, pombe imezidi, vijana wa siku hizi hawana adabu.

Kuhusu pombe, sawa. Kuhusu vijana wa siku hizi, ngoja kwanza. Watu walioanza kuharibu gofu kwa kelele walishakufa zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Twende Uskoti, mwaka 1870. Wababe wawili wa gofu enzi hizo walikuwa Willie Park na Tom Morris, yule ambaye vitabu humwita Old Tom. Park alitokea Musselburgh, mji wa wavuvi karibu na Edinburgh. Morris alitokea St Andrews. Mwaka 1860 walikutana kwenye Open ya kwanza kabisa pale Prestwick, wachezaji 8 tu, na Park akamshinda Morris kwa mikwaju miwili. Tangu hapo wakawa watani wa jadi. Kila wakikutana lazima pawepo na pesa mezani.

Na hapo ndipo penye mzizi wa jambo lenyewe. Wachezaji wa kulipwa zama hizo hawakuwa na wadhamini wala televisheni. Mapambano yao yalikuwa ya dau. Matajiri wa upande huu waliweka fedha, matajiri wa upande ule wakaweka, na watu wa kawaida waliokuja kutazama nao walikuwa wamebeti kivyao. Kwa lugha ya leo, kila aliyesimama pembeni ya uwanja alikuwa na mkeka wake mfukoni. Sasa mtu mwenye mkeka mfukoni, anauona mpira wa mpinzani umetua hatua tatu kutoka mguuni kwake, na mwamuzi yuko mbali. Unategemea nini?

Pambano la mwaka huo lilichezwa kwenye viwanja vinne, na la mwisho likawa Musselburgh, nyumbani kwa Park. Mashabiki wa kwao waliingia njiani, wakauzonga mchezo, wakaiingilia mipira. Mwamuzi, bwana mmoja mchapishaji vitabu aitwaye Robert Chambers, akaona hapa hakuna mchezo tena, akasimamisha pambano zikiwa zimebaki hatua za mwisho. Yeye na Morris wakaingia zao kwenye baa ya Mrs Forman, iliyokuwa pembeni mwa uwanja, wakatulia.

Park akatuma ujumbe: toka uje umalize, la sivyo namaliza peke yangu na dau langu nachukua. Morris hakutoka. Na kweli Park akacheza mashimo yaliyobaki peke yake, mbele ya watu wake, akajitangaza mshindi. Kesho yake Morris naye, kwa amri ya mwamuzi, akaja kuyacheza yale yale peke yake. Washindi wawili wa pambano moja! Waliobeti wakabaki wanagombana nani alipwe.

Hiyo ndiyo gofu ya "zamani yenye heshima" ambayo watu wanailia leo.

Lakini kuna fujo za chuki na kuna fujo za mapenzi, na hizi za pili zimewahi kuumiza mtu vibaya kuliko za kwanza. Muulize Macdonald Smith. Huyu alizaliwa Carnoustie, Uskoti, akahamia Marekani kutafuta maisha kama walivyofanya ndugu zake, akawa mmoja wa wapigaji wazuri kuliko wote wa kizazi chake. Alikosa kitu kimoja tu: taji kubwa. Mwaka 1925 akarudi Uskoti kucheza Open pale pale Prestwick. Baada ya raundi tatu alikuwa mbele kwa mikwaju mitano. Raundi ya mwisho alihitaji kupiga 78 tu kushinda. Kwa mtu wa kiwango chake hiyo ilikuwa kazi ya kawaida.

Tatizo ni kwamba Waskoti walikuwa na kiu ya kumwona mtoto wa nyumbani akibeba kombe. Hakukuwa na kiingilio. Reli inapita kando kabisa ya uwanja wa Prestwick na stesheni iko jirani, kwa hiyo watu walishuka kwenye treni na kuingia, maelfu kwa maelfu. Wote wakamfuata Smith. Walimzunguka, wakamkanyagia njia, wakasimama mpaka mbele ya anakotaka kupiga. Alikuwa akisubiri na kusubiri wafungue njia, akipiga pigo bila kuona mpira umeangukia wapi. Hakuna aliyemtukana. Walikuwa wanampenda. Akapiga 82 na kumaliza wa nne, na kombe likaenda kwa Jim Barnes, aliyekuwa amemaliza mapema zake bila bughudha.

Smith hakushinda taji kubwa hadi anaingia kaburini. Na Prestwick, uwanja uliozaa Open na kuiandaa mara 24, haukupewa tena hadi leo.

Mwaka uliofuata, 1926, Open ilipochezwa Royal Lytham, waandaaji wakaja na dawa: kiingilio. Kwa mara ya kwanza mtazamaji akalipa. Mlinzi wa getini alikuwa mkali kiasi kwamba Bobby Jones mwenyewe, aliyekuja kushinda mashindano yale, alipofika bila beji yake alizuiwa, ikabidi akate tiketi kama mtazamaji ndipo aingie kucheza. Kiingilio kilipunguza watu, hilo halina ubishi. Ila pia kilizaa mtu mpya uwanjani: yule anayejisemea moyoni kuwa amelipa, kwa hiyo ana haki. Huyu tutakutana naye tena mbele.

Sasa hadi hapo mtu anaweza kucheka. Hadithi inayofuata haichekeshi.

Charlie Sifford alizaliwa Charlotte, jimbo la North Carolina, mwaka 1922. Alikuwa mweusi, alijifunza gofu kwa kubebea Wazungu fimbo, na alitaka kitu kimoja tu maishani: kucheza na wakubwa. Katiba ya PGA, chama cha wachezaji wa kulipwa wa Marekani, ilisema waziwazi kuwa uanachama ni wa Wazungu. Mwaka 1952, Sifford na weusi wenzake wachache, akiwemo bingwa wa ngumi Joe Louis, waliruhusiwa kujaribu kufuzu Phoenix Open kule Arizona. Walipofika shimo la kwanza na kutaka kuitoa bendera, walikuta shimo limejazwa kinyesi cha binadamu. Walisubiri karibu saa nzima hadi shimo libadilishwe, kisha wakacheza. Wasomaji wakumbuke jina hilo, Phoenix, kwa sababu leo ndiyo "pati kubwa kuliko zote za gofu".

Miaka tisa baadaye, Aprili 1961, akawa mweusi wa kwanza kucheza mashindano makubwa ya PGA Kusini mwa Marekani, pale Greensboro. Greensboro iko North Carolina, jimbo alikozaliwa yeye mwenyewe. Siku ya kwanza akapiga 68 na kuongoza. Usiku simu ikalia alikofikia, sauti ikamwambia asithubutu kurudi uwanjani, la sivyo atauawa.

Akarudi. Kundi la wanaume Wazungu, kama kumi na wawili hivi, likawa linamngoja. Wakamfuata shimo hadi shimo. Kila akiinua fimbo, matusi. Akitaka kusukuma mpira shimoni, wanaruka na kupiga mayowe. Makopo ya bia yakarushwa. Ilichukua mashimo kumi na kitu kabla polisi hawajawaondoa. Na Sifford hakujibu. Miaka mingi nyuma Jackie Robinson, aliyepitia moto huo huo kwenye besiboli, alishamuonya: siku utakayomfuata mtu na fimbo mkononi, umewafungia mlango weusi wote wanaokuja nyuma yako. Basi akatafuna sigara yake, akapiga mpira wake, akamaliza kwenye nafasi ya nne. Novemba mwaka huo huo PGA ikakifuta kile kipengele.

Ukiitazama vizuri hadithi hii, ile sheria maarufu ya ukimya inaonekana kwa sura nyingine. Kanuni ya kunyamaza mtu anapopiga ilikuwepo 1961, kila mtu aliijua, iliandikwa na ilifundishwa. Kwa Sifford haikufanya kazi kwa sababu waliotakiwa kuisimamia hawakuona haraka ya kuisimamia. Na uwanja wenye watazamaji wapole kuliko wote duniani, Augusta, mahali ambapo kukimbia ni marufuku na simu haziingii, haukumwalika kamwe kwenye Masters, hata baada ya kushinda mashindano ya PGA Tour mwaka 1967 na tena 1969. Mweusi wa kwanza kucheza Masters alikuwa Lee Elder, mwaka 1975. Adabu ilikuwepo tele. Mlango ndio haukuwepo.

Mwaka 1969 mambo yakageuka upande. Kwenye PGA Championship kule Dayton, Ohio, aliyeandamwa alikuwa Gary Player wa Afrika Kusini. Waandamanaji walimrushia barafu usoni, wakapiga kelele akiwa anataka kupiga, wengine wakaingia hadi penye shimo. Sababu? Miaka mitatu kabla, kwenye kitabu chake, Player aliandika kuunga mkono serikali ya Verwoerd na ubaguzi wa rangi. Waandamanaji walikuwa pia na madai yao ya Dayton kwenyewe, na waliona gofu ya mabwana ndiyo mahali pa kuyapaza. Player alishindwa kwa mkwaju mmoja tu na Raymond Floyd. Baadaye alikuja kusema alikosea kuhusu siasa zile. Je, wale wa Dayton wawekwe kapu moja na wale wa Greensboro kwa kuwa wote walipiga kelele? Vitabu vingi vya gofu vinawaweka kapu moja. Si haki. Waliomfuata Sifford walitaka mtu atoke uwanjani. Waliomfuata Player walitaka watu waingizwe.

Katikati ya hayo kulikuwa na fujo za ushabiki wa kawaida, ule unaoeleweka hata kwetu. US Open ya 1962 ilichezwa Oakmont, jirani na nyumbani kwa Arnold Palmer, aliyekuwa na jeshi zima la mashabiki. Akatokea kijana wa miaka 22, mnene, Jack Nicklaus. Mashabiki wa Palmer walimwita kibonge, wakakanyaga chini kwa vishindo wakati akisukuma mpira, wakasimama na mabango kwenye majani marefu wakimwambia apigie huko. Nicklaus akashinda. Basi, yakaisha. Kwa miaka mingi Nicklaus alisema hakusikia chochote siku ile. Baba yake alisikia.

Ryder Cup ndiyo iliyobadilisha hesabu, kwa sababu iliwapa mashabiki wa gofu kitu ambacho hawakuwa nacho: bendera. Brookline, Massachusetts, 1999, Wamarekani waliingia siku ya mwisho wakiwa nyuma 10-6. Wakaanza kurudi, moto ukawaka. Justin Leonard alipozamisha mpira kutoka mbali sana kwenye shimo la 17, wachezaji wenzake, wake zao na wabeba fimbo wakaingia mbio penye shimo kushangilia, wakati José María Olazábal alikuwa bado hajapiga mpira wake, na ukiingia mchezo unaendelea. Walioanza fujo siku ile, kwa maneno mengine, hawakuwa mashabiki. Upande mwingine wa uwanja Colin Montgomerie alitukanwa kutwa nzima, baba yake mzee akashindwa kuvumilia akaondoka. Mpinzani wake, Payne Stewart, aliwaomba walinzi wawatoe watukanaji, na mwisho akamwachia Montgomerie pambano bila kumlazimisha apige mpira wa mwisho. Mwezi mmoja baadaye Stewart alikufa kwenye ajali ya ndege. Wengi wanaomkumbuka huanzia pale Brookline.

Halafu kuna Phoenix.

Yale mashindano ya shimo lenye kinyesi yalihamia Scottsdale, na shimo la 16 la uwanja huo likajengewa majukwaa pande zote likawa kama uwanja wa mpira, watu kama 20,000 wameketi kuzunguka shimo moja fupi. Ukipiga vizuri wanakushangilia, ukikosea wanakuzomea, na wanajua hadi ulisoma chuo gani. Mwaka 1997 Tiger Woods alizamisha mpira kwa pigo moja pale, glasi za bia zikanyesha. Mwaka 2022 Sam Ryder akafanya hivyo hivyo, mvua ya bia ikanyesha tena, na safari hii video ikatumika kama tangazo. Watazamaji waliwahi kubeti mbeba fimbo yupi atatangulia kukanyaga eneo la shimo, na wabeba fimbo wakawa wanatimua mbio kama watoto. PGA Tour ilizipiga marufuku mbio hizo mwaka 2013, kwa kuhofia mtu ataumia.

Mwaka 2018 wiki hiyo ya Phoenix ilihesabiwa watu 719,179, Jumamosi peke yake 216,818. Kila mmoja na kiu yake. Mwaka 2024, Jumamosi ya mvua na matope, umati ulizidi hadi waandaaji wakafunga mageti na kusitisha kuuza pombe. Shabiki mmoja alikuwa ameshaanguka kutoka jukwaani. Kesho yake Zach Johnson, mtu wa dini na mpole, alionekana akirudishiana maneno na mashabiki, na Billy Horschel naye akawafokea waliokuwa wanapiga kelele mwenzake akicheza. Waandaaji walionekana kushangaa. Bia waliyouza wao, majukwaa wamejenga wao, matangazo ya "njooni mfanye fujo" wametengeneza wao. Mshangao wa nini?

Na ule mkeka wa Musselburgh nao umerudi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Marekani iliondoa katazo la majimbo kuruhusu kubeti michezo, na kampuni za kubeti zikawa wadhamini wa gofu yenyewe. Mwaka 2023, karibu na Chicago, Max Homa alisimulia jinsi shabiki mmoja alivyopiga kelele mchezaji akiwa anasukuma mpira. Jamaa alikuwa amebeti na rafiki yake. Dau lenyewe: dola 3.

Ukiyaweka yote hayo pamoja, Bethpage 2025 inaacha kuwa miujiza. Tiketi ya siku moja iliuzwa karibu dola 750, na mtu aliyetoa dola 750 ni yule yule wa kiingilio cha 1926, kakua tu. Uwanja ni wa umma, mali ya jimbo la New York, na ulishakuwa na sifa: kwenye US Open ya 2002 pale pale, mashabiki walimhesabia Sergio García kwa sauti kila alipokuwa akizungusha mikono kwenye fimbo, mpaka akawaonyesha kidole. Safari hii hata mshereheshaji wa shimo la kwanza, mtu aliyeajiriwa na waandaaji, alishiriki kuimba tusi dhidi ya McIlroy, na siku iliyofuata hakuwepo kwenye nafasi yake. Polisi wa jimbo waliongezwa kumfuata McIlroy. Kuna wakati alirudi nyuma ya mpira, akawageukia na kuwaambia wafunge midomo, kwa neno ambalo halichapishiki, kisha akapiga mpira ukatua karibu kabisa na shimo. Ulaya ikashinda 15-13, na PGA ya Marekani ikaomba radhi.

Ni vizuri kukumbuka kuwa kuna njia nyingine. Mwaka 2016, Hazeltine, Minnesota, siku ya mazoezi, shabiki mmoja kutoka North Dakota aliwacheka wachezaji wa Ulaya kwa kukosa mpira mfupi, akasema yeye angeuzamisha. Wakamwita ndani ya kamba. Justin Rose akaweka noti ya dola 100 chini. Jamaa akashika fimbo, mikono inatetemeka, watu kimya kabisa, akausukuma. Ukaingia. Wachezaji wakamkumbatia, akaondoka na mia yake.

Ryder Cup ijayo ni Septemba 2027, Adare Manor, Ayalandi. Safari hii Wamarekani ndio watakuwa wageni, na umati utakuwa wa McIlroy na Shane Lowry, watoto wa kisiwa kile. Bia ya Ayalandi haihitaji utambulisho. Bethpage ilipoisha, McIlroy alishaulizwa kuhusu hilo, na jibu lake lilikuwa kwamba yaliyomkuta New York yasiwakute Wamarekani Ayalandi. Tiketi zitauzwa, majukwaa yatajengwa, na kampuni za kubeti zitaweka dau kwa kila shimo.